Harufu ya Kiti na Haki ya Msafiri



Katika tafakari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, hata la kuchekesha: harufu mbaya inayobaki katika viti vya magari. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kila anayesafiri kati ya Yanonge na Kisangani analijua kwa pua yake mwenyewe. Pili, harufu hiyo imegeuzwa kuwa sababu ya kuwadharau watu, hasa akina mama wauza samaki. Mama anafika penye gari na beseni lake, yuko tayari kulipa kama wengine, kisha anaambiwa akae nyuma kabisa, au aongeze pesa, au angoje gari jingine, kwa kuwa eti atanukisha viti. Abiria wenzake hunyamaza. Wengine hucheka.

Sisi tunasema hivi: kiti kinachonuka si kosa la mtu aliyeketi juu yake jana. Ni kazi ambayo haijafanywa. Harufu ina chanzo, chanzo kina dawa, na dawa hiyo haihitaji fedha nyingi wala mashine kutoka ng'ambo. Anayejua kusafisha kiti hana tena kisingizio cha kumfukuza msafiri. Kwa hiyo somo letu lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja: kuijua kazi, na kutenda haki.

Magari yetu yanabeba nini?

Yanonge imekaa kando ya Mto Kongo, katika eneo la Isangi, chini ya Kisangani kwa mkondo wa maji. Maisha yake ni kupeleka na kuleta. Kinachokwenda mjini ni mihogo, chikwanga, ndizi, makala, mafuta ya mawese, samaki wabichi na samaki waliokaushwa kwa moshi, na viwavi majira yake yanapofika. Kinachorudi ni sabuni, chumvi, nguo, dawa, na petroli katika bidoni. Vingi hupita mtoni kwa mitumbwi na boti za mbao. Vingine hupanda pikipiki. Vilivyobaki huingia katika magari machache yanayoweza kuvumilia barabara ya udongo.

Sisi tuliopita miaka hamsini tunakumbuka jinsi Kisangani ilivyosafiri kwa toleka, yaani baiskeli za abiria zenye kiti kidogo cha sponji nyuma ya mwendeshaji. Hata kiti kile kilikuwa na harufu yake, kwa maana kilinyeshewa mvua, kikakauka nusu, kikaketiwa tena. Magari ya leo yana hali ileile kwa kipimo kikubwa zaidi. Mengi yamekwisha kutumika kwingine kwa miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Viti vyake viliundwa kwa ajili ya watu wanaokwenda ofisini juu ya lami. Sisi tunavipa kazi ya lori. Si ajabu vikilalamika, navyo hulalamika kwa njia moja tu: vinanuka.

Harufu inakaa wapi?

Kiti cha gari kina tabaka tatu: kitambaa juu, sponji nene katikati, na chuma chini. Sponji ni matundu matupu yaliyounganika. Maji ya samaki yakimwagika, kitambaa hukauka baada ya saa chache na dereva huridhika. Lakini sponji imekwisha kuyameza. Humo mna giza, joto, unyevu na chakula, na vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu, havihitaji zaidi ya hayo. Vinakula protini na mafuta yaliyomwagika, na katika kula kwao vinatoa gesi. Gesi hizo ndizo pua huzipokea kama uvundo.

Hapo tunaelewa kwa nini gari linaweza kuwa na nafuu alfajiri na kuwa halivumiliki saa sita mchana. Joto linapozidi, gesi hutoka kwa wingi katika kitambaa, na milango iliyofungwa huzizuia ndani. Tunaelewa pia kwa nini tatizo hili ni zito kwetu kuliko katika nchi kavu. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na eneo letu hupata mvua ya takribani milimita 1,800 kwa mwaka. Hatuna majira marefu ya ukame yanayoweza kutukaushia viti bila sisi wenyewe kufanya juhudi. Kitu kilicholowa kwetu huelekea kubaki kimelowa.

Kunuka na kunukia

Lugha yetu ya Kiswahili imetofautisha maneno mawili: kunuka na kunukia. Kinachonuka kinachukiza, kinachonukia kinapendeza. Anayenyunyiza manukato juu ya kiti kichafu anajaribu kukifanya kinukie bila kuacha kunuka. Matokeo yake tunayajua sote. Ni harufu ya tatu, nzito kuliko zile mbili za kwanza, inayomfanya mtoto atapike kabla gari halijafika nusu ya safari. Kadi za manukato zinazoning'inizwa kwenye kioo cha mbele hazikusafisha kitu chochote. Bakteria walio ndani ya sponji hawana habari nazo.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Pua iliyokaa na harufu moja huizoea baada ya dakika chache tu, ikaacha kuihisi. Hiyo ndiyo sababu dereva anaweza kuapa kwa moyo mnyofu kwamba gari lake halina harufu, na abiria anayeingia akaziba pua papo hapo. Wala dereva hasemi uongo. Pua yake imechoka. Anayetaka kujua ukweli wa gari lake amwite mtu ambaye hakuwa ndani yake, tena amruhusu kusema anachokihisi bila kumkasirikia.

Kabla ya dawa, uliza kilichomwagika

Tunapowafundisha walimu vijana, huwasihi wasimwadhibu mwanafunzi kabla ya kujua kwa nini ameshindwa. Kanuni hiyo inafaa hapa. Kila harufu ina ukoo wake, na dawa ya ukoo mmoja inaweza kuwa bure kwa ukoo mwingine.

Ukoo wa kwanza ni wa samaki. Nyama ya samaki inapooza hutoa amonia na jamaa zake waitwao amini. Katika kemia hizo ni besi, na kinachotuliza besi ni asidi. Ndiyo maana mama zetu huosha samaki kwa ndimu. Jikoni wamekuwa wakifanya kemia tangu zamani bila kuiita kwa jina hilo. Asidi huigeuza amini kuwa chumvi ambayo hairuki hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Kwa kiti, siki kipimo kimoja katika maji vipimo viwili hutosha. Maji ya ndimu yaliyochujwa nayo yanafaa. Kwanza ijaribuni dawa mahali pasipoonekana, ili kuhakikisha kwamba haiharibu rangi ya kitambaa.

Ukoo wa pili ni wa mihogo na maziwa. Mihogo inayolowekwa kwa siku kadhaa huchacha na kutoa asidi. Mojawapo ni asidi ya butiriki, ileile inayosikika katika siagi iliyoharibika na katika matapishi. Hapa siki haitasaidia, kwa sababu ni kuongeza asidi juu ya asidi. Kinachotakiwa ni besi nyepesi, na iliyo karibu nasi ni bikabonati ya soda, ambayo watengeneza mikate wanaijua. Vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji vinafaa. Au unga wenyewe mkavu hunyunyizwa juu ya kitambaa kikavu, ukaachwa usiku kucha, ukaondolewa kwa brashi asubuhi. Majivu nayo ni besi, lakini yanachafua kitambaa na maji yake makali huchoma mikono, kwa hiyo tusiyatumie kwenye viti.

Wengi humwaga siki na bikabonati kwa pamoja, wakifurahia povu linaloruka. Povu hilo linapendeza macho, lakini ni ishara kwamba dawa mbili zinauana zenyewe kwa zenyewe. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Itumieni moja, suuzeni, kisha ndipo mfikirie nyingine ikiwa inahitajika.

Ukoo wa tatu ni wa mafuta na moshi. Mafuta ya mawese hayaondoki kwa maji matupu. Yanahitaji sabuni, baada ya kufyonzwa kwanza kwa kitambaa kikavu au karatasi kuukuu. Doa lake jekundu linatokana na karotini, nayo hufifia ikipigwa na jua, kwa hiyo msikate tamaa mkiona alama baada ya kuosha. Moshi wa samaki au wa tumbaku ni matone madogo sana yenye mafuta, yanayoganda kila mahali: darini, kwenye vioo, kwenye mikanda. Anayeosha kiti peke yake katika gari lililojaa moshi atashangaa harufu ikirudi kesho yake.

Ukoo wa nne ni wa petroli. Huu hauoshwi kwanza, unapewa hewa. Milango yote ifunguliwe, gari likae mbali na moto, sigara na majiko, na abiria wasipande mpaka mvuke umekwisha. Mvuke huo huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na cheche moja yatosha kuwasha gari zima.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Anzeni kwa kutafuta chanzo. Lifungeni gari juani kwa muda wa saa moja, kisha mwenye pua ambayo haijazoea afungue na kunusa kiti kwa kiti, zulia, chini ya zulia, na sehemu ya mizigo. Mara nyingi mkosaji hayuko mnapomdhania. Ni kichwa cha samaki kilichodondoka chini ya kiti, au maji yaliyotuama chini ya zulia. Na ikiwa harufu inatokea pale tu kipoza hewa kinapowashwa, kazi iko katika njia za hewa na chujio lake, si katika viti.

Kisha toeni viti nje, ikiwa inawezekana. Katika magari mengi kiti cha nyuma hutoka kwa urahisi. Viti vya mbele katika magari ya miaka ya karibuni vinataka tahadhari. Chini yake huweza kupita nyaya zenye viunganishi vya rangi ya njano, ambazo ni za mifuko ya hewa ya usalama. Hizo zisikatwe, zisivutwe, wala zisimwagiwe maji. Mwiteni fundi.

Pigeni vumbi litoke, mpige brashi. Baada ya hapo lowesheni sehemu iliyochafuka kwa maji baridi. Tunasisitiza neno baridi. Damu, maziwa, mayai na maji ya samaki yana protini, na maji ya moto huipika protini hiyo ikashikamana na nyuzi za kitambaa. Fuateni kwa sabuni kidogo, mkisugua kutoka ukingoni mwa doa kuelekea katikati ili doa lisitambae. Sabuni nyingi si usafi. Ile isiyosuuzwa hubaki kitambaani na kuvuta vumbi jipya.

Sasa ndipo dawa iingie, siki au bikabonati kulingana na ukoo wa harufu. Ni lazima ifike mahali uchafu ulipofika. Ikiwa maji ya samaki yalizama hadi katikati ya sponji, kupangusa juu juu hakutoshi, kama vile somo lisilomfikia mwanafunzi wa dawati la nyuma. Iacheni dakika kumi na tano au ishirini, suuzeni kwa maji safi, kisha kamueni kwa kukandamiza vitambaa vikavu kwa nguvu zote, tena na tena, mpaka vitambaa visipate maji.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi: kukausha. Kuvu inaweza kuanza kuota katika kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48. Maana yake ni kwamba kiti kilichooshwa vizuri na kurudishwa garini kikiwa na unyevu kitanuka kuliko kabla ya kuoshwa, na watu watasema kuwa kuosha hakufai kitu. Anzeni asubuhi, siku ambayo mbingu ni nyeupe. Kisimamisheni kiti wima dhidi ya ukuta ili maji yashuke. Ikiwa kitambaa kinaweza kuvuliwa, kivueni, sponji ikauke peke yake. Mvua ikija, kiingizeni chini ya paa penye upepo, si ndani ya chumba kilichofungwa. Jua huua vijidudu vingi vya juu, ila halifiki ndani ya sponji; huko ni hewa na subira. Wala msikiache juani siku nyingi mfululizo, maana jua hilohilo hupausha kitambaa na kuidhoofisha sponji.

Kiti kikiisha kukauka na kurudishwa, mabaki madogo ya harufu yanaweza kupunguzwa kwa makala. Yavunjeni vipande vidogo, yawekeni katika kopo lililotobolewa, yakae garini usiku. Makala yanayosafishia maji na hewa viwandani yametengenezwa maalumu, na gramu yake moja huwa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 500. Makala yetu ya kupikia hayana uwezo huo, lakini si bure. Yanasaidia kumalizia kazi iliyokwisha kufanywa. Hayawezi kuchukua nafasi yake.

Mambo ya kuogopa

Tunawaonya juu ya javeli, yaani maji ya klorini ya kufulia. Msiichanganye kamwe na siki wala ndimu: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Msiimwage pia juu ya mkojo au kitu chenye amonia, kwani hapo nako hutoka gesi zenye sumu. Mchanganyiko wa namna hiyo ndani ya gari lililofungwa unaweza kumwangusha kijana mwenye afya njema. Na wale wanaosafisha madoa kwa petroli wanaondoa doa dogo na kuweka hatari kubwa mahali pake.

Zaidi ya hayo, gari hubeba wagonjwa. Mgonjwa akitapika au kuhara garini, hasa penye tishio la kipindupindu, suala la kwanza si harufu bali uambukizo. Abiria wengine wasipande. Anayesafisha avae glavu, na kabla ya kugusa kitu aulize katika kituo cha afya namna ya kupima klorini na namna ya kuitupa sponji iliyoloa. Harufu ikiondoka si ushahidi kwamba vijidudu vimeondoka. Hapa pua ni shahidi asiyetosha.

Nani alipe gharama ya harufu?

Sasa turudi kwa yule mama mwenye beseni. Tumeona kwamba uvundo wa kiti hutokana na sponji iliyolowa, kitambaa kisichokaushwa, na zulia lisiloinuliwa kwa miezi. Samaki alichangia, ndiyo. Lakini yamechangia pia mafuta ya mawese ya mwingine, maji ya mvua, jasho letu sote, na uzembe wa kutosafisha. Hata hivyo lawama yote huwekwa juu ya kichwa cha mmoja, naye ni yule ambaye sauti yake ni ndogo penye kituo cha magari. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hawakusema kwamba mwenye samaki ameoza.

Dereva ana hoja zake, nasi tumezisikia. Husema kwamba siku ya kuosha viti ni siku isiyo na mapato. Ni kweli. Ndiyo maana tunapendekeza kinga kabla ya dawa: turubai chini ya mizigo, turubai juu ya kiti, na majani mapana yale ya kufungia chikwanga chini ya beseni. Turubai huoshwa kwa dakika chache na kukauka upesi. Sponji huchukua siku nzima. Na gharama ya turubai ni ya gari, kama ilivyo gharama ya tairi. Hatujasikia abiria mnene akitozwa fedha ya tairi peke yake.

Abiria naye ana hoja. Mtu aliyevaa nguo safi kwa ajili ya harusi au mtihani hataki kufika akinuka samaki, na ana haki hiyo. Lakini haki yake inatimizwa kwa kuupangia mzigo mahali pake, si kwa kumpangia mtu mahali pa aibu. Hii ndiyo tofauti tunayowaomba mwishike. Beseni liende nyuma au juu ya gari kwa sababu lina harufu, nasi hatuna neno. Mama mwenyewe aketi pamoja na wengine, maana amelipa nauli ileile na ni mtu kama wao. Tena tukumbuke kwamba anayeziba pua asubuhi ndiye anayeuliza bei ya samaki jioni. Hatuwezi kuila kazi ya mtu na kuichukia harufu ya kazi hiyo kwa wakati mmoja.

Mama mwuzaji naye ana wajibu wake, na tukimficha tutakuwa hatumtendei haki. Beseni liwe na kifuniko. Maji ya samaki yamwagwe kabla ya kupanda, si ndani ya gari. Upande wa nje wa beseni upanguswe. Haya ni madogo, na akina mama wengi huyafanya bila kuambiwa. Asiyeyafanya aambiwe kwa heshima, kama mtu anavyomwambia mama yake mzazi.

Kazi ya kikundi cha vijana

Vijana wengi wa kwetu hulalamika kwamba hakuna kazi. Sisi tunaona kazi imekaa mbele yao, inanuka, inawangoja. Kikundi cha watu watano chenye ndoo, brashi, sabuni, siki, bikabonati na kibanda chenye upepo kinaweza kuwahudumia madereva wa mji mzima, na wenye pikipiki pia, kwa maana viti vyao navyo vina sponji. Bei ikubaliwe mbele ya wote na iandikwe. Kiti kisirudishwe kwa mwenyewe kabla hakijakauka, hata akiharakisha. Jina la kikundi litajengwa au kubomolewa hapo.

Sharti moja tunaliweka: msioshee mtoni. Ni rahisi kuliingiza gari majini penye kina kifupi, na wengi hufanya hivyo. Lakini mafuta ya injini na povu la sabuni huenda moja kwa moja katika maji ambayo jirani anachota, na katika kingo zilezile ambapo samaki wengi hutaga na wadogo wao hujificha. Chotelea maji kwa ndoo, osheni juu ya nyasi mbali na ukingo, udongo upokee maji machafu. Tukimwaga sumu nyumbani kwa samaki, hatutakuwa na haki ya kulalamika juu ya harufu yake wala juu ya uchache wake.

Tunapendekeza kila kikundi kianze na gari moja, nalo liwe lile ambalo wauza samaki hupanda siku ya soko. Lioshwe bila malipo mara ya kwanza, litandikwe turubai, na dereva aombwe jambo moja tu: kuanzia siku hiyo mama yeyote mwenye beseni lililofunikwa aketi popote penye nafasi. Baada ya mwezi, kikundi kikae na dereva na akina mama, kiwaulize wote wawili hali ikoje. Majibu yao yaandikwe na kusomwa katika mkutano.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika magari na pikipiki tunazozipanda, ni nani hukataliwa au kutozwa zaidi kwa sababu ya harufu ya mzigo wake? Sisi tulifanya nini tulipoona?

2. Katika njia yetu ya Kisangani, harufu za ukoo gani ndizo nyingi: samaki, mihogo, mafuta, au petroli? Tuna dawa gani karibu nasi, na kwa bei gani?

3. Ni mahali gani katika mtaa wetu panapofaa kuoshea na kukaushia viti bila kuchafua mto wala kisima?